Duvi wa Alfajiri

Kwa mama yangu, Tanga, chakula kilikuwa cha aina mbili: kilichopo na kisichokuwepo. Hakuna mtoto aliyeulizwa anapenda nini. Ukinuna, sahani inasogezwa kwa nduguyo, na nduguyo hana huruma. Nilikulia kwenye utaratibu huo, nikauamini, nikapanda nao ndege hadi Leicester, Uingereza, nikidhani nitamlea nao binti yangu. Leo nina miaka 44, na nimewahi kuamka saa kumi na moja alfajiri, siku arobaini mfululizo, kwa ajili ya walaji 51 wasiokubali kilichopo. Na si kuwapikia. Kupika kungekuwa nafuu. Nilikuwa nawaangulia chakula kilicho hai, kinachoogelea, kwa sababu chakula kisichokimbia wao hawakitambui.

Mambo yalianza Septemba, binti yangu aliporudi kutoka shule amekumbatia kontena la plastiki kama aliyebeba maji ya zamzam. Rafiki yake alikuwa anafuga aksolotli wawili, na kwao wote waliamini kwamba ni majike. Hawakuwa. Jike la aksolotli huweza kutaga mayai mia kadhaa kwa mkupuo mmoja, na mama wa yule rafiki, mwanamke mwenye akili, aliamua kuyagawa kabla hayajaanguliwa.

"Machache tu, baba," binti yangu akasema.

Nikainua kontena dirishani. Kwenye majani ya mmea wa majini palikuwa pamenata vitu mithili ya mbegu za papai, kila punje nyeusi na ute wake. Nikahesabu. Yalikuwa 63.

Kwa asiyemjua, aksolotli ni salamanda, jamaa wa mbali wa chura, na asili yake ni sehemu ndogo sana ya dunia: maziwa na mifereji ya Xochimilco na jirani zake, kwenye bonde la Mexico City. Ana mkia wa kambale, miguu minne ya mjusi, matamvua sita yanayopepea nje ya kichwa kama matamvua ya shali ya bibi harusi, na mdomo uliochongwa ukatabasamu, awe amefurahi au yuko karibu kukata roho. Watoto wa shule wanamjua kuliko wanavyomjua ng'ombe, kwa kuwa mwaka 2021 aliingizwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Minecraft. Mwaka huohuo Mexico nayo ikamchora kwenye noti ya peso 50. Kwa hiyo mnyama huyu yuko kwenye pesa za watu, na mimi pesa zangu ziko kwake.

Baada ya wiki mbili na nusu mayai 51 yalianguliwa. Mengine yaliota ukungu mweupe nikayatoa. Viluwiluwi vyenyewe vilikuwa na urefu wa sentimita moja, vyembamba, vinapitisha mwanga, vimelala chini ya maji kama uzi uliokatika. Siku ya kwanza havikula. Siku ya pili havikula. Nikaanza kuingiwa na ile hofu ya mzazi mpya. Nikasaga chakula cha samaki cha dukani, hawakukitazama. Nikachemsha yai, nikavuruga kiini, nikadondosha tone. Nikajaribu hata punje ya ugali, nasema ukweli, kwa kuwa usiku ule ndicho kilichokuwepo. Asubuhi maji yalikuwa yamegeuka maji ya kuoshea mchele, na walaji wangu walikuwa palepale, wanatabasamu.

Kumbe siku mbili tatu za mwanzo kiluwiluwi huishi kwa akiba ya kiini cha yai aliyozaliwa nayo tumboni. Hakuwa na njaa. Na njaa ikimjia, bado hatakuwa na habari na ugali wako. Katika umri ule anachokijua ni kimoja: kitu kikitikisika mbele ya pua, funua kinywa, vuta maji kwa ghafla, kimeza. Kitu kikitulia, hicho ni fanicha.

Nikauliza, nikasoma, na jibu likanirudisha nyumbani. Chakula kinachofaa ni duvi. Si wale wetu hasa, ni ndugu zao wa maji ya chumvi kali, ambao mayai yao huvunwa kwa wingi kwenye Great Salt Lake, jimbo la Utah, Marekani. Mayai hayo hukauka yakawa kama unga wa kahawa, yakakaa koponi miaka bila kudai chochote. Ukiyatia kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu, ukayapa hewa na mwanga, baada ya siku moja au moja na nusu yanaamka. Yaani mimi, mtoto wa Tanga, niliyelishwa duvi wa nazi na bilinganya hadi nikawachukia, nililipia duvi wadogo kama nukta hii unayoiona mwisho wa sentensi, wamesafirishwa kutoka Marekani, ili wakaliwe na mtu mwingine.

Chombo cha kuangulia ni chupa ya soda ya lita mbili, imekatwa kitako na kupinduliwa, mdomo chini, na mpira mwembamba wa pampu ya hewa umezamishwa ndani. Mara ya kwanza niliiweka juu ya hita ya ukutani ipate joto. Ilipata. Nilipata supu. Mara ya pili pampu ilichomoka usiku sijui saa ngapi, na asubuhi jiko zima lilinuka kama pwani ya Sahare kwetu Tanga saa ambazo wachuuzi wameshaondoka na nzi wamebaki. Mke wangu, ambaye anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, alifungua mlango, akavuta pumzi, akasema, "Nimefika nyumbani," na hakuwa anatania vizuri.

Mara ya tatu duvi wakaanguliwa. Nilipoona lile wingu la rangi ya chungwa likicheza ndani ya chupa nilimwamsha binti yangu, naye akaniuliza kama kuna moto.

Sasa kuvuna. Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. Ukiwamimina tu, duvi watakwenda pamoja na maganda ya mayai, na maganda hayafai kuliwa. Lakini duvi wachanga wanapenda mwanga. Kwa hiyo unazima pampu, unazima taa za jikoni, unamulika tochi karibu na mdomo wa chupa, chini kabisa. Maganda yanaelea juu, duvi wote wanakimbilia tochi, nawe unawavuta kwa mrija. Kisha unawachuja, unawasuuza chumvi, unawadondosha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, matone machache kila beseni. Si mengi, kwa sababu duvi wa chumvi akikaa kwenye maji baridi, baada ya saa chache anakufa, na akifa anaoza. Nusu saa baadaye unarudi kukagua, na hapo ndipo utamu wa kazi ulipo: ngozi yao inaonyesha ndani, kwa hiyo aliyekula ana tumbo la rangi ya chungwa, na asiyekula huna haja ya kumuuliza. Nimetamani sana binti yangu angeumbwa hivyo. Ningejua mchicha uliingia tumboni au uliingia kwenye leso.

Katikati ya Oktoba mama mkwe akaja kutoka Pangani kututembelea miezi mitano.

Mkwe ni mkwe. Mkwe huonwa ukiwa umevaa shati, umechana nywele, umekaa kitako kama mtu anayesubiri hukumu. Sikuwahi hata kupiga miayo mbele yake. Kwa hiyo mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba habari za aksolotli atazisikia taratibu, akishazoea baridi. Mabeseni tukayahamishia stoo ya chini ya ngazi, ambako ni kuzuri zaidi kwa kuwa wanyama hawa wanataka maji ya nyuzijoto 16 hadi 18 tu. Chupa ikabaki jikoni nyuma ya mfuko wa mchele.

Alfajiri ya tatu tangu afike, nilikuwa nimepiga magoti jikoni gizani, nimejifunga kikoi, juu nimevaa singlendi yenye tundu. Tochi iko chini ya chupa. Chupa inawaka rangi ya chungwa kama kaa. Mrija uko mdomoni, maana bomba la sindano lilikuwa limepotea, na kabla ya kuuweka mdomoni nilikuwa nikinong'ona, kwa kuwa mtu anayeamka peke yake saa kumi na moja hujifunza kuzungumza: "Njooni, njooni kwenye mwanga, wote njooni."

Nikasikia ubao wa sakafu ukilia. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake ya kuswalia, anakwenda kutawadha.

Shikamoo haitamkiki ukiwa na mrija. Nikitema, natema mbele ya mkwe. Nikameza. Kiamsha kinywa cha viumbe 51 kikapita kooni kwangu, kina chumvi, kinatekenya. Ndipo nikasema, kwa sauti nzuri kabisa:

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia marahaba. Alisema, "Audhubillahi," akarudi chumbani hatua kwa hatua, kinyumenyume, bila kunipa mgongo.

Ilipofika saa tatu asubuhi simu yangu iliita. Mjomba wa mke wangu, kutoka Pangani, mtu ambaye hunipigia kwa misiba tu. Alinisalimu vizuri. Aliniulizia kazi. Aliniulizia baridi. Kisha akanyamaza kidogo, akakohoa. "Na ibada, baba, mnaendelea nayo? Maana ughaibuni nasikia watu wanakutana na mambo."

Mke wangu alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Alipoweza kusimama alimshika mama yake mkono, akampeleka stoo, akawasha taa, akamwonyesha matumbo ya rangi ya chungwa. Mama mkwe alichuchumaa muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma, sasa nimevaa shati, nimefunga hadi kifungo cha shingoni.

"Kwa hiyo wale ni duvi," akasema.

"Duvi, mama."

"Unawachuja na nini?"

"Karatasi ya kuchujia kahawa, mama."

Kama kuna jambo lililonishusha zaidi mbele yake ni hilo, si uchawi. Uchawi ungekuwa na maarifa yake. Mama mkwe huyu, msichana alipokuwa, aliingia majini Pangani na wenzake wameshika ncha za kanga kutanda uduvi, maji yamefika kifuani. Akaenda chumbani akarudi na kipande cha kanga kuukuu. Akakikunja mara mbili, akakitandika juu ya bakuli, akamimina. Maji yakapita kwa dakika moja, kazi ambayo kwenye karatasi yangu ilichukua robo saa. Akasema kungekuwa na kifumbu angenionyesha zaidi. Tangu siku hiyo nilishushwa cheo, nikawa mshika tochi.

Hakuweza kulitamka jina lao. Mara Asiloti, mara Shaloti, mwisho ikabaki "akina Shaloti", na nyumba nzima tukahamia huko.

Akina Shaloti wakaota miguu. Kwa chura hutangulia ya nyuma, kwa hawa hutangulia ya mbele, na mguu unapoota huwa unatikisika, na kitu kinachotikisika nimeshaeleza ni nini. Wakaanza kulana vidole. Kisha viganja. Asubuhi moja binti yangu alikuta mmoja ana mguu mmoja tu wa mbele na matamvua ya upande mmoja, akalia kilio cha msibani. Bibi yake akamkalisha.

"Mke mwenzangu, nyamaza. Baba yako anasema unaota tena."

Ni kweli, unaota. Aksolotli hurudisha mguu mzima, na mifupa na vidole vyake, hurudisha mkia, na hata sehemu za moyo na ubongo, na ndiyo sababu maabara za dunia zinamfuga kwa maelfu. Wiki chache baadaye kile kigutu kilichomoza kichipukizi, kichipukizi kikatoa vidole. Mama mkwe alikuwa akikagua kila siku. Goti lake la kulia linamsumbua miaka mingi. Nilimkuta stoo peke yake, ameinama juu ya beseni, anauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Na goti je?"

Dawa ya kulana ni kuwatenganisha, na kuwashibisha ili wasitazamane kwa jicho lile. Walikuwa wamebaki 40. Nyumba yetu haina mabeseni 40. Ina makontena. Yale ya kuwekea mboga, ya kuwekea wali, ya kubebea chakula kazini. Nikayachukua yote, nikatia maji, kila mmoja akapata chumba chake, na stoo ikajaa hadi juu ya rafu. Ilipojaa, machache nikayaweka kwenye meza ya jikoni, kwa usiku mmoja tu.

Saa nane za usiku simu yangu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa mke wangu, akiwa kazini, mapumziko ya chakula:

"Mchuzi wangu unanitazama."

Mihogo ya nazi ilikuwa mezani nyumbani, imepoa. Kiluwiluwi alikuwa chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, mzima, anatabasamu, na wenzake mke wangu wakiulizana ikiwa kwetu huliwa mbichi. Alirudi naye asubuhi kwa basi, amempakata. Akapewa jina Mchuzi, na hatukuweza tena kumgawa.

Walipofika sentimita tano hivi, maisha yakalegea. Sasa wana miguu yote, wanaanza kunusa, wanakubali chakula kilichokufa ilimradi ukitikise. Tukaanza kuwapa nyungunyungu waliokatwakatwa kwa mkasi. Nyungunyungu kwangu mimi ni chambo. Unamtia kwenye ndoana, samaki anakuja, unamla samaki. Hapa unakata chambo, unakishika kwa kibano, unakitikisa mbele ya pua ya samaki asiye samaki, anakula, basi. Hakuna hatua ya pili. Mama mkwe ndiye aliyekuwa fundi. Mkono wake ulikuwa na mtetemeko mdogo wa uzee ambao wao waliupenda sana. Kipande kilionekana hai. Kila mmoja alipewa bismillahi yake.

Nyungunyungu wenyewe aliwachimba nyuma ya nyumba, Desemba, mvua inanyesha, kanga juu ya koti zito, mwiko wa jikoni mkononi. Jirani yetu, bibi wa Kiingereza ambaye kwa miaka sita tulikuwa tukipungiana mkono tu, alimtazama juu ya ua siku tatu. Siku ya nne akatokea na bakuli. Ana lundo la mboji mwisho wa bustani yake, na ndani ya bakuli palikuwa na nyungunyungu wekundu, wengi, wanachezacheza. Walisemezana kila mmoja kwa lugha yake na wakaelewana kabisa.

Tatizo ni kwamba wale wekundu wa mboji wakishikwa hutoa ute mchungu, na akina Shaloti wengi hawautaki. Mchuzi alivuta kipande, akakaa nacho sekunde mbili, akakitema mbali, akatupa mgongo. Mwingine akatema. Mwingine akatema. Huu ndio ule utaratibu wa nyumbani kwa mama yangu, kilichopo ndicho hicho, na ulishindwa na mnyama mwenye ubongo wa ukubwa wa punje.

Nikasema nitamweleza jirani. Mama mkwe akanitazama kama siku ya karatasi ya kahawa. Mtu kakuletea chakula mpaka mlangoni, unakwenda kumwambia hakikuliwa? Kwa hiyo kila Jumatano tulipokea bakuli, tukashukuru, tukalirudisha na maandazi ndani, na usiku mimi nikatoka na tochi kuwaachia nyungunyungu chini ya ua. Nina hakika kwamba walirudi kwao kwenye mboji. Nina hakika pia kwamba kuanzia wiki ya pili tulikuwa tukiletewa walewale.

Jioni moja, tunawatikisia chakula, mama mkwe aliniuliza watakuwa wakubwa lini, waache haya matamvua, wawe watu wazima. Nikamweleza kwamba ndiyo ajabu yao: hawaachi. Wanabaki na umbo la utotoni, wanazaa hivyohivyo, na wanaweza kuishi miaka 10 hadi 15. Mwaka 1864 walifikishwa Paris, kwenye bustani ya Jardin des Plantes, mwaka uliofuata wakazaana, na baadhi ya wale waliozaliwa hapo wakapoteza matamvua na kuwa salamanda wa nchi kavu. Mtaalamu aliyewatunza, Auguste Duméril, alipigwa na butwaa. Lakini hao ni wachache mno. Na huko kwao Xochimilco, nikaongeza, wamebaki wachache kabisa, kwa uchafu wa maji na samaki wa kigeni walioingizwa.

"Zamani walikuwa wengi?"

"Wengi, mama. Waazteki walikuwa wakiwala."

Kibano kilisimama hewani. Akamtazama Mchuzi kuanzia kichwani hadi mkiani, kwa utulivu, kwa jicho la mtu anayejua nazi ngapi zinahitajika. Kisha akaendelea kutikisa. "Hapana," akasema. "Huyu ana jina."

Wengine tuliwagawa, kidogo kidogo, kwa familia za wanafunzi wenzake binti yangu na kwa duka moja la wanyama. Tumebaki na wanne. Sasa hula mara tatu kwa wiki, nyungunyungu wa kawaida, na binti yangu ndiye anayewalisha, siku akikumbuka. Chupa ya duvi nimeiweka juu ya kabati. Mama mkwe alirudi Pangani mwezi Machi, na kila Jumapili anapiga simu ya video. Huuliza kwanza Mchuzi kala nini, na lazima asogezewe kioo amwone tumbo. Kisha humwuliza mke mwenzake masomo. Kisha binti yake na zamu za usiku. Ikifika zamu yangu bando lake huwa limekwisha.